Cherehani ya miguu au ya umeme kwa mifarishi ya sanaa? Naomba ulinganisho kabla ya Jumamosi

Sifa wa Katuba
Salamu kwenu nyote. Nimeamua kushona nyumbani mifarishi ya sanaa, yaani matandiko ya viraka, ile ambayo viraka vyake huungwa kwa kubuni papo hapo, bila mchoro uliopimwa mapema. Vitambaa havinisumbui, kwa kuwa mshonaji jirani yangu huniwekea mabaki ya vitenge. Kinachokosekana ni mashini. Hapa Lubumbashi nimeonyeshwa mbili, na fedha zangu zinatosha moja tu: cherehani ya miguu ya chuma, iliyokwisha kutumika, kwa dola 110, na nyingine ndogo ya umeme, mpya, yenye mishono ya aina nyingi, kwa dola 130. Wauzaji wote wawili wanataka jibu kabla ya Jumamosi. Ningependa kuwasikia waliotumia mashini hizo kwa viraka, siyo kwa nguo.

Fundi Kamalondo
Ndugu Sifa, bila maelezo zaidi tutakujibu kwa kubahatisha. Je, mfarishi wako utatundikwa ukutani, au utalaliwa na kufuliwa? Utakuwa na upana gani? Umeme kwenu huwaka saa ngapi? Tena useme kama mashini itaunga viraka tu, au itashona pia tabaka zote tatu pamoja, yaani sura ya juu, kijazo cha katikati na bitana, kwa maana kazi hizo mbili hazidai nguvu sawa.

Mama Rafia
Mimi ningekushauri uache zote mbili, ununue sindano nzuri, uzi imara na mkasi mkali. Wanawake wa kabila la Wakuba, huko Kasai, walishona sketi za rafia, yaani nyuzi za majani ya aina ya mtende, zenye urefu wa mita kadhaa, wakibandika viraka vya maumbo ambayo hayarudiwi kwa hesabu, na kila mshono ulikuwa wa mkono. Huelezwa kwamba viraka vingi vilianza kwa kuziba matundu, kwa sababu rafia hutwangwa ili ilainike, na ikitwangwa hutoboka. Baadaye jicho likazoea, viraka vikawa urembo wenyewe. Wako pia Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika. Mfarishi wao huitwa kawandi. Huanzia ukingoni, wakizunguka kuelekea katikati kwa mishono ya bandi inayopita tabaka zote kwa mara moja, hivyo kuunga viraka na kushona tabaka pamoja ni kazi moja. Kazi kama hiyo haisubiri umeme wala fundi wa mashini.

Yaya Kampemba
Nakuheshimu, Mama Rafia, lakini Sifa ameuliza kuhusu mashini, na ningependa ajue yaliyonipata kabla hajatoa fedha yake. Nilinunua cherehani ndogo ya umeme kwa muuzaji ambaye aliniapia kwamba inashona hata jinzi. Mwanzoni ilikwenda vizuri sana, nami niliunga vipande vya kitenge jioni nyingi bila tatizo. Shida ilianza nilipofika pale mishono inapokutana. Mfarishi wa kubuni hauna mpangilio wa kukwepa unene: unaunga kipande juu ya kipande, unakata, unageuza, unaunga tena, mpaka mahali pamoja panakuwa na tabaka sita au nane za kitambaa kilichokunjwa. Mashini ilianza kugonga. Nilipunguza mwendo, nikabadilisha sindano nikaweka namba 90, kisha 100, lakini siku moja ikatoa mlio mkali, gurudumu la mkono likawa linazunguka huku sindano imesimama. Fundi alipoifungua alinionyesha gurudumu dogo la plastiki lenye meno, ambalo meno yake matatu yalikuwa yamelika kabisa. Alitafuta kipuri mjini, akaagiza hadi Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, hakikupatikana. Muuzaji alinijibu kwamba hana dhamana ya vipuri. Mfarishi wangu ulikaa nusu umeungwa tangu majira ya mvua hadi baridi ilipoingia, na hatimaye niliumalizia kwa cherehani ya miguu ya shangazi, ambayo ilipita juu ya unene ule ule bila kulalamika.

Mwanga wa Ruashi
Pole sana, Yaya. Hata hivyo si haki kuzihukumu mashini zote za umeme kwa sababu ya moja. Nyingi za aina hiyo hutumia wati zisizozidi 100, kwa hiyo betri ya sola na inverta ya kawaida huziendesha jioni nzima. Zaidi ya hayo, zina mshono wa zigizaga, ambao cherehani nyingi za miguu hazina. Kwa anayetaka kubandika umbo lililokatwa wazi juu ya kitambaa kingine bila kukunja pindo, zigizaga ndiyo inayozuia ukingo usifumuke. Sifa hajatuambia kama anataka kubandika au kuunga tu.

Sifa wa Katuba
Nawashukuru. Mifarishi mingi itakuwa ya ukutani, kama mita moja na nusu kwa mita moja na robo, lakini mama ameomba mmoja wa kitandani, kwa kuwa Juni na Julai joto la usiku hapa hushuka chini ya nyuzi 10. Umeme kwetu mara nyingi huja usiku wa manane. Nataka kuunga zaidi kuliko kubandika. Nilisahau kusema kwamba katika mabaki yangu mna pia mashati ya zamani na vitambaa laini ambavyo sijui ni vya aina gani.

Fundi Kamalondo
Hayo mashati na vitambaa visivyojulikana yana uzito kuliko mashini. Chomoa nyuzi chache kwenye kila kitambaa, uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu yanayosagika kati ya vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Usivichanganye bila kufikiri, kwa sababu pasi inayonyoosha pamba vizuri huweza kuyeyusha poliesta, na kazi hii haifaulu bila pasi baada ya kila mshono. Vitenge vyote vifuliwe kwanza, vyekundu na vya buluu vikiwa peke yake mpaka maji yatoke meupe. Kuhusu mashini, kwa umeme wa usiku wa manane mimi nasema miguu.

Mama Rafia
Fundi, poliesta nayo ina nafasi yake. Mfarishi wa ukutani haufuliwi kila wiki, na kitambaa kinachong'aa kando ya kitenge kizito huleta mwanga ambao pamba haiwezi kuleta. Kinamama wa Gee's Bend, Alabama, walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, jinzi na kodoroi, na mwaka 2002 mifarishi yao ilianza kuonyeshwa katika makumbusho makubwa ya Marekani, kuanzia Houston. Hiyo kodoroi nyingi walikuwa nayo kwa sababu katika miaka ya 1970 walishona foronya za mito kwa mkataba wa duka kubwa, na mabaki yakabaki mikononi mwao. Kilichokuwepo ndicho kilichoamua sura ya kazi.

Fundi Kamalondo
Sikatai uzuri wake, Mama. Ninachokataa ni fikra kwamba kubuni maana yake ni kushona ovyo. Unaweza kukata bila rula, lakini upana wa mshono ubaki milimita 6 tangu mwanzo hadi mwisho, na vipande vilivyokatwa mshazari vishikwe kwa upole maana huvutika. La sivyo katikati patavimba na kingo zitapinda, na ukuta hauwezi kuficha hayo.

Yaya Kampemba
Hapo nakubaliana na Fundi. Sifa, kama hujawahi kuunga mkunjo, anza hivi: laza vitambaa viwili kimoja juu ya kingine, vyote sura ikitazama juu, ukate mkunjo wa taratibu kwa mkasi ukipita katika vyote viwili. Kisha badilisha pande, chukua upande wa kushoto wa kimoja na wa kulia wa kingine. Unaposhona usibane kwa pini. Linganisha kingo kidogo kidogo kwa vidole mbele ya sindano, ukiacha kipande cha juu kifuate chenyewe. Kabla ya kushona lolote, gongomea blanketi la zamani ukutani, pamba hushikamana nalo bila pini, uviangalie vipande ukiwa mbali. Piga picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vitenge hutudanganya kwa rangi, tukadhani vinatofautiana kumbe uzito wao wa giza na mwanga ni ule ule.

Mwanga wa Ruashi
Ushauri huo wa picha nauunga mkono kabisa. Naomba kuuliza kuhusu kijazo: je, blanketi jepesi linafaa kwa ule wa mama? Na bitana iwe kitenge kizima au shuka?

Mama Rafia
Blanketi jepesi linafaa, lakini lioshwe kwanza ili lisije likanywea ndani. Kwa bitana napendelea shuka la pamba lililotumika, kwa sababu sindano ya mkono hulipita kwa urahisi. Kitenge cha nta chenye uzi uliosokotwa kwa kubana huchosha vidole, hasa ukishona tabaka tatu.

Sifa wa Katuba
Nimewaelewa, ingawa bado mizani haijalala upande mmoja. Zigizaga inanivuta kwa kazi za ukutani, na simulizi la Yaya linaniogopesha. Mwenye cherehani ya miguu amekubali niijaribu Jumamosi asubuhi, na yule wa umeme amesema katoni haifunguliwi kabla ya malipo.

Fundi Kamalondo
Muuzaji asiyekubali katoni ifunguliwe umkatalie leo hii. Kwenye ile ya miguu, nenda na kipande chako chenye mishono minene kuliko vyote, pamoja na sindano mpya ya namba 90 na uzi wako mwenyewe. Angalia mkanda wa ngozi kama umepasuka, zungusha gurudumu kwa mkono usikie kama kuna mkwaruzo, ushone polepole kupita juu ya tabaka nane, kisha ugeuze kitambaa utazame uzi wa chini. Ukiwa umelegea na kufanya mafundo, mwombe arekebishe mbele yako.

Yaya Kampemba
Na uulize bobini ngapi, yaani vile vigurudumu vya uzi wa chini, zinakuja nayo. Za mashini hizo za zamani si zote zinaingiliana, na kuzitafuta baadaye ni taabu.