Mrejesho: swichi zilizokataa nywila kwa SSH

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini swichi za mtandao za tawi letu la Westlands zinaikataa akaunti yangu ya RADIUS (seva moja inayokagua nywila za vifaa vyote) nikiingia kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao, kutoka Upper Hill, ilhali kwa kebo ya konsoli, inayochomekwa kwenye swichi yenyewe, akaunti ya ndani iliyohifadhiwa humo inakubali.

Aliyesema nisome logi (kumbukumbu za matukio) za seva ya RADIUS kabla ya kugusa nywila, Mungu akubariki. Logi zilikuwa kimya, hakuna ombi hata moja lililofika. Swichi zilikuwa zikituma maombi kwenye poti (namba ya mlango wa seva) ya zamani, 1645, na seva inasikiliza 1812. Kubadilisha tu poti kwenye swichi, nikaingia. Ufunguo mpya wa RSA wa biti 2048, ambao swichi hujitambulisha nao kwenye SSH, niliutengeneza pia kama mlivyoshauri. Haukutatua hili, lakini hauna hasara.

Imebaki swichi moja kuukuu. Hiyo haifiki hata kuuliza nywila: OpenSSH, programu ya SSH kwenye kompyuta yangu, tangu toleo la 8.8 la mwaka 2021 haikubali tena, usipoiruhusu, sahihi za ssh-rsa zinazotumia SHA-1, mbinu ya zamani isiyo salama tena, na swichi hiyo inategemea hizo. Nimeziruhusu kwa swichi hiyo peke yake kwenye mipangilio ya kompyuta yangu, HostKeyAlgorithms +ssh-rsa. Inaingia, ila si dawa. Bosi ameahidi kununua mpya, na ahadi za bajeti mnazijua.

Asanteni sana.