Dola 15,000: tumklemu farasi anayeshushwa bei, au tutafute njia nyingine?

SaisiWaLexington
Hodi humu ndani. Tuko watatu hapa Kentucky, wawili tunafanya kazi tabela moja na mwenzetu anaendesha lori. Tumechanga dola 15,000 na tunataka farasi wetu wa kwanza. Kwa wageni wa mambo haya: kwenye mbio za klemu kila farasi ana bei iliyotangazwa. Mwenye leseni na fedha uwanjani anajaza karatasi kabla ya mbio kwamba anamnunua kwa bei hiyo, huko ndiko kumklemu, na wakitokea wawili au zaidi anachaguliwa mmoja kwa bahati nasibu. Zawadi ya siku ile anabaki nayo mmiliki wa zamani. Wewe unaondoka na farasi.

Nimemwona mmoja wa miaka sita. Mwaka jana alikimbia kwa 40,000, kisha 25,000, sasa yumo mbio za 10,000. Mkufunzi wetu anasema kwa kiwango hicho atawaacha wenzake mbali. Mbadala ni farasi mdogo wa miaka mitatu asiyejulikana, kwa 15,000 yote, au kununua nje ya mbio kwa makubaliano. Mngechagua kipi?

KanoYaMbele
Kaka, huyo wa miaka sita mwache.

Mimi niko Maryland. Niliklemu wa 8,000 ambaye wiki tatu nyuma alikuwa ameshinda mbio za 16,000. Nikajiona nimeokota almasi njiani. Sikujiuliza swali moja tu: mtu mwenye farasi aliyetoka kushinda anamtoa nusu bei kwa sababu gani? Farasi alimaliza wa pili, akatembea vizuri hadi kwetu. Asubuhi yake mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa wa moto, kano iliyo upande wa nyuma wa mguu huo imevimba kama ndizi. Nililipa tabela dola 85 kwa siku, siku 40, hiyo ni 3,400 kabla ya bili ya daktari, ndipo nikakubali kwamba hatakimbia tena. Sasa anapandwa polepole na familia moja huku kwetu, na nashukuru alipata mahali pa kwenda.

Mmiliki wa zamani alimshika miguu kila asubuhi kwa miezi. Wewe unamwona dakika chache akizungushwa kabla ya mbio. Bei inaposhushwa hivyo, ni yeye anayekuambia alichokigusa.

Mwendokasi254
Lakini tusiwatishe watu. Rich Strike aliklemiwa kwa 30,000 pale uwanja wa Churchill Downs Septemba 2021, na Mei 2022 akashinda mbio maarufu za Kentucky Derby akiwa hategemewi, dau likiwa 80 kwa 1. Lava Man aliklemiwa kwa 50,000 mwaka 2004, akaja kuingiza zaidi ya milioni 5. Bila kuthubutu hakuna kupata.

DadaFuraha
Mwendokasi, mifano yako ni ya kweli, ila iangalie tena. Rich Strike alikuwa na miaka miwili na hiyo ilikuwa mbio yake ya pili tu. Ya kwanza ilikuwa kwenye nyasi, akawa wa mwisho. Siku aliyoklemiwa alikuwa kwenye udongo na akashinda kwa zaidi ya urefu wa farasi 17. Huyo alikuwa bado hajajulikana, hakuwa anaporomoka. Farasi wa SaisiWaLexington ameshajulikana, na ndiyo maana anauzwa.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa farasi, basi nisaidie upande wa kanuni. Tangu Julai 2022 mamlaka ya taifa ya Marekani ya usalama wa mbio, HISA, inafuta klemu farasi akifa uwanjani, au daktari wa uwanja akimkuta ndani ya saa moja baada ya mbio anachechemea au anatoka damu puani. Mkufunzi wa zamani anatakiwa pia kukabidhi kumbukumbu zake za matibabu ndani ya siku tatu. Si majimbo yote yaliyo chini yake. Texas, kwa mfano, haimo. Na kuna nafasi ya kuchagua mapema kubaki na farasi hata akiumia. Usiichague kamwe.

Lakini saa moja ni saa moja. Uvimbe wa KanoYaMbele ulitokea asubuhi, na kumbukumbu zinafika ukiwa umeshalipa.

Kanuni hizi hazikuja bure. Majira ya baridi ya 2011 hadi 2012, farasi 21 walikufa kwenye uwanja wa mbio wa Aqueduct, New York. Fedha za kasino zilikuwa zimepandisha zawadi za mbio za bei ya chini, hata mtu akaona faida kumkimbiza farasi mgonjwa kwa zawadi na kuomba mwingine amklemu. Kila ninapoona farasi akishushwa ngazi mbili kwa mkupuo, ninawakumbuka.

MzeeWaNgong
Kijana wangu, nimekuwa saisi Ngong miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Kule nilizoea mnunuzi anakuja tabelani, anashika kila mguu, anamtazama farasi akitembezwa kwenye ardhi ngumu, anarudi kesho yake kumwona akiwa amepoa. Ndipo bei inatajwa. Klemu inakunyima yote hayo.

Kwa fedha yenu ningenunua kwa makubaliano, nikiwa na daktari wangu mwenyewe, si wa muuzaji. Wa miaka mitatu ni chaguo la pili, mradi awe anakimbia kwa bei ileile mbio hadi mbio. Na msitumie 15,000 yote kwenye farasi. Mkibaki bila akiba, jeraha dogo la miezi miwili litawalazimisha na ninyi mmshushe bei ili mtu mwingine amchukue. Hapo mtakuwa mmefanya lile lile mnaloliogopa.

SaisiWaLexington
Mzee, shikamoo. Hilo la akiba hatukulifikiria. Jana nilikwenda kumtazama yule wa miaka sita akifanya mazoezi: bendeji miguu yote ya mbele, na saisi wake alikuwa na ndoo ya barafu mkononi. Tumemwacha. Kuna mwenye shamba anatuuzia wa miaka minne kwa 9,000, na amekubali daktari aje. Dada Furaha, tumwombe daktari apime nini?

DadaFuraha
Eksirei za vifundo vyote vinne na magoti mawili ya mbele, skani ya kano na ligamenti za miguu ya mbele, na kamera ya koo akitoka kukimbia, si akiwa amesimama tu. Omba pia kumbukumbu za sindano za viungo. Muuzaji akikataa kuzitoa, msilipe.