Dada wenye vipaji vya ajabu: akina Cahill, akina Hollow, au Ruby na Chloe?

Shangazi Kitabu
Wakuu, habari za humu. Binti wa kaka yangu ana miaka 15. Amemaliza kila chenye majini na mizimu kwenye kabati langu, sasa anataka hadithi za ndugu wa kike wenye uwezo usio wa kawaida. Vampaya amewachoka, msinitajie. Nimebakiwa na machaguo matatu: mfululizo wa akina Cahill wa Jessica Spotswood (vitabu vitatu, cha kwanza ni *Born Wicked*, 2012), *House of Hollow* ya Krystal Sutherland (2021), na *Imaginary Girls* ya Nova Ren Suma (2011), ya dada Ruby na Chloe. Kiingereza chake kizuri, hilo halina shida. Mliosoma nilinganishieni kweli, maneno ya nyuma ya jalada nimeshayasoma mwenyewe.

Kalamu Kavu
Akina Cahill, bila kusita.

Cate, Maura na Tess wanaishi New England ya kubuni, karne ya 19 ikielekea ukingoni, na nchi imeshikwa na makasisi wanaojiita Udugu. Msichana akishukiwa uchawi anafungwa, au anatupwa hospitali ya vichaa. Mama yao amefariki, na Cate kama mkubwa alimwahidi kwamba atawatunza wadogo zake. Kipaji chao kinachoogopwa kuliko vyote ni cha kuingia akilini mwa mtu, kumfutia kumbukumbu au kumfanya atende asilotaka.

Hapo ndipo mwandishi alipolenga. Mwizi ukimwogopa utafunga mlango. Sasa mwenye uwezo huo ni mdogo wako, mnakula meza moja, utafunga nini? Utajuaje kwamba ugomvi wa juzi mliusuluhisha, na si kwamba umefutiwa? Ongeza utabiri kwamba mmoja wa dada watatu atamuua mwenzake. Kila wakinuniana sebuleni, msomaji anapiga hesabu. Uchawi wa kurusha moto nimeusoma sana na sikumbuki hata mmoja. Huu wa kutoaminiana nyumbani bado ninao kichwani.

Kasoro ipo: kitabu cha kwanza kina magauni mengi na mjadala mrefu wa nani atamposa Cate. Avumilie.

Mwana wa Pangani
Kalamu, umeongea vizuri ila umempeleka binti wa watu kwenye vitabu vitatu wakati kimoja kinatosha. *House of Hollow* unaanza na kumaliza hapohapo.

Grey, Vivi na Iris walipotea Edinburgh usiku wa mwaka mpya wakiwa watoto wadogo. Baada ya mwezi mmoja wakarudi, hawakumbuki kitu, kila mmoja ana kovu shingoni, na baadaye nywele zikageuka nyeupe na macho meusi. Riwaya inaanza Iris akiwa na miaka 17, anasoma London, anajitahidi aonekane wa kawaida. Grey, ambaye sasa ni mwanamitindo maarufu, anatoweka tena. Wadogo zake wanaanza kumtafuta.

Watu wanapoteza akili wakiwakaribia hawa dada, na Grey anajua kuutumia uwezo huo bila huruma. Iris anauogopa. Kwa hiyo swali la kutoaminiana ulilolisifia lipo na huku, tena Iris anamwabudu dada yake hata pale anapoona kuna kitu hakiko sawa.

Mama Nuru
Pangani mbona hujamwambia kuhusu uozo? Maua yanaota kwenye vidonda, kuna harufu ya mzoga, kuna mtu amevaa fuvu la fahali. Mimi mtu mzima nilikiweka chini usiku nikakimalizia mchana. Shangazi, kama binti analala peke yake, fikiria.

Mwana wa Pangani
Amemaliza majini yote ya kabatini, fuvu litamfanya nini?

Jicho la Tatu
Kuhusu Cahill: subirini mfike mwisho wa kitabu cha pili, Maura anapomfutia Finn, mpenzi wa Cate, kumbukumbu zote za Cate. Nilikitupa ukutani.

Kalamu Kavu
Jicho, umemwaga mtama kwenye kuku wengi! Shangazi, mwambie binti asiingie kwenye uzi huu.

Fundi Saa
Mfululizo wa *The Raven Cycle* wa Maggie Stiefvater je? Msichana Blue anaishi na nyumba nzima ya wanawake waaguzi.

Mama Nuru
Mzuri, ila Blue hana dada kwenye hadithi. Ombi lilikuwa dada na dada.

Mgeni wa Bara
Mimi nina wasiwasi tofauti. Wazazi wake wanakubali? Kwetu mtoto akianza kuota yanayotokea, baraza zima litajua kabla ya adhuhuri, na waliopotelewa na ng'ombe watapanga foleni mlangoni. Hatuchukulii kama mchezo.

Mwalimu wa Zamu
Hoja ya Mgeni ina uzito, na ina jibu. Mpeni *We Hear the Dead* ya Dianne K. Salerni (2010), riwaya ya vijana kuhusu dada wawili waliokuwepo kweli, Maggie na Kate Fox wa Hydesville, jimbo la New York. Machi 1848 walidai wanawasiliana na marehemu kwa milio ya kugonga. Dada yao mkubwa, Leah, aliona fursa, watu wakaanza kulipa kiingilio. Oktoba 1888 Maggie alipanda jukwaani New York akaonyesha jinsi alivyokuwa akivialisha viungo vya vidole vya mguu kutoa milio ile. Mwaka uliofuata akayakana maungamo yake. Wapo waliomwamini alipokana tu.

Binti atapata msisimko uleule, ila anakaa upande wa nyuma ya pazia.

Shangazi Kitabu
Kaka yangu hana neno, mradi shule haishuki. Mbona hakuna aliyegusa *Imaginary Girls*?

Mama Nuru
Kwa sababu ni kigumu kukisimulia. Chloe anakuta maiti ya msichana kwenye mtumbwi, bwawani, juu ya mji uliozamishwa. Anahamishiwa kwa baba yake. Miaka miwili baadaye anarudi, na yule msichana yuko hai. Ruby, dada mkubwa, ndiye ajuaye. Lugha tamu kuliko zote zilizotajwa hapa, lakini maswali mengi hayajibiwi. Asiyependa hivyo atakasirika.

Shangazi Kitabu
Huyu atakasirika. Basi naagiza *Born Wicked* peke yake kwanza, na hiyo ya akina Fox naitafuta nakala ya simu, naisoma mimi. Pangani, usinune, Hollow nitamnunulia likizo ya Desemba.

Mwana wa Pangani
Sinuni. Ila ukiagiza Cahill hakikisha mpangilio: *Born Wicked*, *Star Cursed*, halafu *Sisters' Fate*. Akianzia katikati, Jicho la Tatu atakuwa amemharibia mara mbili.