Lile jumba jeupe kona ya Sokoine lilikua la nani?

mtu_wa_kimara: Wakuu habari za mchana. Mi kila siku napita na mwendokasi naenda Kivukoni, pale Morogoro Road inapokutana na Sokoine Drive, karibu na boti za Zanzibar, kuna jumba la zamani jeupe. Juzi mvua ikanikamata nikajibanza mlangoni pale, aisee ule mlango una nakshi kama za Unguja na ukuta mnene balaa. Mzee mmoja tuliyejibanza nae akasema ni la Mjerumani, mi nikagoma. Nani anajua?

Bibi Posta: Hilo ndo Old Boma mwanangu, umegoma vizuri. Ni la Sultan Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860 huko, alipotaka kuugeuza Mzizima (ndo Dar ya zamani) kuwa mji wake mpya, hapo alikua anafikishia wageni wake. Majid akafariki 1870, mdogo wake Barghash akaingia na hakua na habari na Dar, majumba yakakaa tu mpaka Mjerumani alipokuja 1887 akayakuta akahamia. Kwahiyo mzee wako hajakosea sana, Mjerumani kapanga tu hakujenga 😂 Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa, juu boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali ndo maana vyumba vya majumba yale vyembamba virefu.

chuma_cha_reli: Tembea mbele kidogo upande wa kanisa la St. Joseph utaikuta Atiman House, nayo ya enzi hizo hizo. Jina ni la Adrian Atiman, alitekwa utotoni kule karibu na Timbuktu akauzwa utumwani, mapadre wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, 1889 akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika akatibu watu huko mpaka uzeeni, kafariki 1956.

Dogo Janja77: Mi nilijua sanamu ya Askari ndo kongwe kuliko vyote mjini

Bibi Posta: Wapi, ile ya 1927! Na hapo hapo kabla yake ilisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Waingereza wakaishusha, ikaishia Hamburg kule Ujerumani, na huko nako wanafunzi wakaiangusha 1968.

mtu_wa_kimara: Mnaniua nyie. Miaka yote napita najua Atiman ni jina la mzungu fulani, kesho nashuka kituo kimoja kabla nikaitazame vizuri