Naomba ushauri: nimekosa furaha katika maombi
Wapendwa, Bwana asifiwe. Tangu nilipofiwa na mama mwaka jana, nimeendelea kuimba kwaya na kuhudhuria ibada ya alfajiri, lakini nikipiga magoti maneno hunikauka, na shuhuda za furaha za wenzangu huniacha nikijiona mnafiki. Najua kwamba Paulo aliwahimiza Wafilipi wafurahi sikuzote ilhali yeye mwenyewe alikuwa kifungoni, na kwamba Zaburi ya 88 inaishia gizani. Zaburi hiyo, nakiri, ndiyo pekee ninayoisoma kwa moyo wote siku hizi. Mliopitia ukavu wa namna hii, mliendeleaje kuomba? Je, ni vyema nipumzike kwanza kuongoza sifa, au nikifanya hivyo nitazidi kufifia?