Yule mtabiri wa kwenye kisiki kanipigia MWAYO usoni. Povu ruksa

Kipupwe_Hakiishi:
Wakuu, simtaji jina, wote mnamjua. Wa Pennsylvania, Marekani, yule mnyama anayeitwa groundhog, anayetabiri kama baridi itaendelea au itaisha mapema. Yule wa meno mawili na kitambi, anayetolewa kwenye kisiki kila tarehe 2 Februari na wazee wenye suti za harusi na kofia ndefu nyeusi, halafu wanamnyanyua juu kama kombe la dunia.

Nimeendesha gari usiku kucha kutoka Philadelphia ili nimwone kwa macho yangu. Baridi ya pale kilimani msiniulize. Makamasi yaliganda nikadhani nimetoga kipini. Vidole vya miguu niliviaga kimoja kimoja, kidole gumba mpaka leo hatuongei.

Saa moja na nusu hivi asubuhi wakamgongea mlango. Bwana mkubwa akatolewa. Maelfu ya watu kimya. Akatazama huku, akatazama kule, akanitazama MIMI, akapiga mwayo. Mwayo, wakuu! Mpaka nikakiona kidaka tonge!

Halafu mzee mmoja mwenye bakora ya mgunga (wanadai bakora hiyo ndiyo inayomfanya aelewe lugha ya mnyama, sisi tukienda kwa mganga tunaitwa washamba) akainama, akasikiliza, akatangaza: kivuli kimeonekana, wiki sita zaidi za baridi. Kivuli gani na jua lenyewe ndiyo kwanza linachungulia? Yale mataa ya televisheni yangemtolea kivuli hata jini. Na watu WAKASHANGILIA. Unaambiwa utateseka mwezi na nusu, unapiga makofi?

Yupo kazini tangu 1887. Wanasema ni huyohuyo mmoja, hafi, kila kiangazi anapewa funda la dawa anaongezewa miaka saba. Wataalamu wa hali ya hewa wa serikali ya Marekani wamemkagua, anapatia chini ya nusu. Ukirusha sarafu inampita! Na hajawahi kupewa hata onyo. Mimi nikichelewa ghalani dakika kumi naandikiwa barua.

Hayo yote nasamehe. Mwayo siusamehi. Mimi nimeganda, yeye katoka kwenye joto, halafu anayepiga mwayo ni yeye!

Siti_ya_Mbele:
Nimeshakaa na bisi zangu. Mleta mada kagombana na panya.

Mchumia_Juani:
Kwa hiyo ulihangaikia viza, ukapanda ndege, ukafika Marekani, ukaenda kununiana na panya juu ya kilima. Nyumbani wanajua?

Kipupwe_Hakiishi:
Si panya, ni wa ukoo wa kindi. Na ule mwayo ulikuwa wa makusudi, alisubiri nimwangalie.

Mganga_wa_Ng'ombe:
Mleta mada tuliza mshono. Wenzake wa porini hulala majira yote ya baridi, mwili umepoa karibu na barafu, moyo unadunda mara tano hivi kwa dakika. Dume huamka Februari kwenda kukagua mashimo ya majike, ajue nani yupo na nani hayupo, kisha anarudi kulala mpaka Machi. Hali ya hewa haimhusu kabisa, kinachomwamsha ni saa yake ya mwilini. Hata ndege wanaorudi kaskazini hufuata zaidi urefu wa mchana kuliko joto la wiki hiyo. Ndiyo maana mwaka mwingine wanafika, theluji inawadondokea vichwani.

Siti_ya_Mbele:
Yaani jamaa katoka kutafuta mchumba, anakuta maelfu ya watu na kamera, na wewe mbele umeganda. Mimi ningepiga mwayo na kupiga chafya.

Kipupwe_Hakiishi:
Atafute mchumba kwa muda wake!! Mwayo wa nini??

Binti_wa_Ontario:
Huku Canada, Wiarton, 1999, watu walifika shereheni wakaoneshwa jeneza. Wa Quebec 2023 siku ya siku ikafika, kwenda kumwamsha, marehemu. Wewe umepata mwayo wa mzima wa afya unalalamika.

Wakili_wa_Mtaani:
2013 mwendesha mashtaka wa kaunti ya Butler, Ohio, alimshitaki huyo huyo wako kwa kuahidi machipuko mapema yasiyofika, akaomba adhabu ya kifo. Kwa utani, lakini jalada unaweza kulifuata. Ongeza kosa la pili: kupiga mwayo hadharani.

Mke_wa_Pangani:
Wenu anasema mara moja kwa mwaka ananyamaza. Mimi nina dudumizi nyuma ya jiko. Kaanza "du-du-du-du" mapema, mama mkwe akasema masika hayo, mbegu zote zikaingia ardhini. Mvua hakuna, mahindi yamebaki vijiti. Nikiguna naambiwa dudumizi hakosei, mkono wangu ndio mzito.

Mchumia_Juani:
Pole dada. Hapo mtabiri ni mama mkwe, dudumizi kasingiziwa.

Omundu_wa_Vihiga:
Msidharau ndege nyinyi. Huku kwetu Kenya wazee wa Nganyi, ukoo wa watabiri wa mvua, wanakaa meza moja na watu wa idara ya hali ya hewa, huyu na miti, ndege na wadudu wake, yule na setilaiti yake, wanalinganisha kabla ya msimu. Shida yenu mnasikiliza ndege mmoja. Mzee hatoi neno kwa dalili moja.

Mke_wa_Pangani:
Niletee mzee mmoja, nimpe na mama mkwe aende naye.

Kipupwe_Hakiishi:
Wakuu turudi kwenye mwayo.

Baba_Chausiku:
Mimi naamini sisimizi. Ukiona wanahamisha mayai kupandisha ukutani, anua nguo. Kuna mwaka walihamia kwenye kopo langu la sukari, mvua ikanyesha siku hiyohiyo. Sukari nayo ikaenda.

Siti_ya_Mbele:
Na kumbikumbi je, nao wanatabiri?

Omundu_wa_Vihiga:
Hao wanatoka mvua ikishanyesha. Si watabiri, ni mashahidi.

Baba_Chausiku:
Mashahidi watamu. Mnawakaanga na mafuta?

Omundu_wa_Vihiga:
Mafuta ya nini tena? Wanayo yao. Chumvi tu, na usigeuze kichwa, wanaungua haraka.

Ta_Kamuli:
Kumbikumbi ni chakula cha kuku. Watu wazima tunaongelea senene.

Siti_ya_Mbele:
Mhaya kaingia. Uzi umekwisha.

Kipupwe_Hakiishi:
Lakini kidaka tonge nilikiona kabisa jamani

Baba_Chausiku:
Ta Kamuli, senene wanapatikana sasa hivi?

Ta_Kamuli:
Msimu Novemba. Ila wa kwenye friza wapo, nimeshawanyonyoa mabawa. Njoo PM.