Skripti yangu kurasa 146, dairekta kasema hiyo ni riwaya

mtoto_wa_dunda
Wakuu habari za humu. Niko Bagamoyo, nimeandika skripti yangu ya kwanza ya muvi, miezi minne nakesha, nikampelekea dairekta mmoja kasoma kurasa kumi tu akanirudishia, eti "ndugu yangu mi napiga picha, sipigi mawazo." Stori ni ya mama mmoja mumewe kaenda kuvua hajarudi. Sini ya kwanza inaanza hivi: "Mwanaidi amekaa barazani, moyoni anajua mumewe harudi ila hataki kukubali." Kosa liko wapi hapo? Mbona mi naiona kabisa

ngalawa mbovu
Unaiona wewe, kamera haioni. Hicho cha moyoni mpigapicha akielekeze wapi? Mpe kitu cha kushika mkononi. Tuseme mume aliacha simu nyumbani isilowe, basi kila jioni Mwanaidi anaipeleka dukani kuchajiwa, anatoa mia tano. Siku ya tisa muuza duka anaichukua simu kuichaji, hela anamrudishia, hasemi neno. Kwisha. Halafu ukurasa uliopangwa vizuri unakadiriwa dakika moja, kwa hiyo hapo una muvi ya karibu masaa mawili na nusu, nani atakupa hela mkuu

bintipwani
Na salamu punguzeni jamani!! Hodi, karibu, shikamoo, marahaba, za huko, dakika mbili zimekata stori haijaanza. Ingia katikati ya maneno.

ngalawa mbovu
@bintipwani hapo sikubali yote, pwani salamu ni silaha. Kijana aingie kwa mzee akae bila shikamoo, ugomvi tushauona na hakuna aliyefungua mdomo.

fundi taa
Ngoja nisemee na sisi wabeba mataa. Ukiandika NJE. UFUKWENI. USIKU kwako ni maneno matatu, kwetu ni jenereta, mafuta, watu wa kulishwa mpaka alfajiri. Na bahari haisomi skripti, saa ya maji kujaa na kupwa inachelewa kama dakika 50 kila siku. Kuna sini tulipiga nusu mvua ikatukatisha, tukarudi baada ya wiki saa ile ile, jahazi lililokuwa linaelea tukalikuta limelala mchangani, edita nusura alie.

mtoto_wa_dunda
Dah, za ufukweni usiku ninazo 19 😂 naanza kukata leo. Ya simu naichukua, ila nimemsimulia mama kasema mia tano kuchaji simu muuza duka huyo mwizi, niandike mia tatu